Tetrahymena, Paramecium au Stentor: yupi umchukue kusomea mikrotubuli?

Swali hili halichoki kurudi. Mwanafunzi ameshapitishiwa mada, ameandika juu ya ukurasa "mikrotubuli na protini zake katika siliata", halafu anakwama kwenye mstari wa pili: siliata, yaani kiumbe wa seli moja anayeogelea kwa vinywele viitwavyo silia, yupi? Akiuliza wenzake, mmoja atamwambia Tetrahymena, kwa kuwa amewapatia watu Nobel. Mwingine atasema Paramecium, kwa kuwa sote tulimchora sekondari, ile slipa yenye nywele pembeni. Wa tatu, aliyewahi kumwona Stentor akijikunja, hataki hata kusikia jina jingine. Wote watatu wana hoja, ila hakuna aliyemuuliza mwenzao anataka kujua nini.

Nimewafuga wote watatu, mmoja vizuri, mmoja hivi hivi, na mmoja kwa aibu nitakayoieleza. Hapa nitawaweka kwenye mizani ileile.

Kwanza tukumbushane kinachotafutwa. Mikrotubuli ni mrija mwembamba ulioundwa kwa protini iitwayo tubulini. Tubulini alfa na tubulini beta hushikana jozi, kila jozi ina urefu wa nanomita 8; jozi hupangana kichwa kwa mkia zikawa uzi, na nyuzi 13 zikisimama bega kwa bega hufunga mrija wenye kipenyo cha nanomita 25. Katika seli nyingi za mwili wetu mirija hii hujengwa na kubomolewa bila kupumzika, na anayeichunguza huwa anafukuza kivuli. Kwa siliata, sehemu kubwa ya mirija imetulia. Imelazwa chini ya ngozi ya seli kama fito kwenye ukuta wa nyumba ya udongo, kila ufito na mahali pake, na unaweza kuihesabu. Juu ya hapo kuna silia zenyewe, kila moja ikiwa na mirija pacha 9 kuzunguka mirija 2 ya kati, na chini ya kila silia kuna kishina chenye mirija 9 ya utatu. Kwenye vishina hivyo ndipo kila kitu kinapoanzia.

## Mizani yenyewe

Kila mmoja nitamtazama kwa mambo manne. La kwanza ni malezi: anakula nini, anazaana haraka kiasi gani, unaweza kumhifadhi? La pili ni kiunzi, yaani mirija gani inaonekana kwake vizuri kuliko kwa wenzake. La tatu ni jeni, kwa maana ya uwezo wa kuibadili au kuizima protini unayoishuku. La nne ni nani anafaidika naye. Bei sikuiweka peke yake kwa sababu imejificha ndani ya hayo manne, hasa la tatu.

Umaarufu pia sikuuweka. Siliata kuwa na makala nyingi si sababu ya kumchagua, japo siku utakapokwama saa nne usiku makala hizo utazishukuru.

## Tetrahymena

Malezi. Tetrahymena thermophila ana urefu wa takriban mikromita 50, na jina lake la pili halidanganyi: anapenda joto. Kwenye nyuzi 30 anagawanyika kila baada ya saa tatu hivi, na nyuzi 37 hazimsumbui. Hahitaji kulishwa bakteria. Anaishi kwenye mchuzi wa peptoni uliotakaswa kwa mvuke, na chupa ikitikiswa vizuri anafika seli milioni moja kwa kila mililita. Ukitaka protini ya silia ya kutosha kupima, utaipata wiki hii hii. Ukisafiri, mwache kwenye tyubu ya maji yenye punje ya soya na bakteria kidogo; atakusubiri kwa muda mrefu tu. Kwa hifadhi ya kweli anagandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na hilo si la kupuuzwa, kwa sababu ukoo unaozungushwa kwenye chupa miaka nenda rudi huharibika kiini chake kidogo, kile cha kuzalia, na mwisho hauwezi tena kuzalishwa na mwingine. Porini spishi hii imepatikana mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo usitegemee kumvua kwenye bwawa la kijijini kwenu. Utaagiza.

Kiunzi. Mpake kingamwili iitwayo 12G10, ambayo ilitengenezwa dhidi ya tubulini ya Tetrahymena mwenyewe, umweke chini ya hadubini ya fluoresensi. Utaona safu 18 hadi 21 za vishina zimeteremka kutoka kichwani hadi mkiani kama punje kwenye gunzi la hindi. Kando ya kila safu unapita mshipi mrefu wa mikrotubuli. Kila kishina kina wasaidizi wake: mikrotubuli zinazoelekea ubavuni, nyingine zinazorudi nyuma, na uzi mmoja wenye mistari unaoelekea mbele. Huo wa mwisho si mikrotubuli kabisa, ingawa wanafunzi wengi huuhesabu humo. Mdomo una tando nne za silia, na ndizo zilizompa jina: kwa Kigiriki "tetra" ni nne na "hymen" ni utando.

Lakini utajiri wake hasa uko kwenye protini. Dainini, mota inayozipiga silia zote duniani, za kwenye mapafu yako zikiwamo, ilipatikana kwa mara ya kwanza kwenye silia za Tetrahymena. Ian Gibbons aliitoa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1965 yeye na Rowe wakaipa jina kutokana na "dyne", kipimo cha nguvu.

Halafu kuna kisa cha alama zinazobandikwa juu ya tubulini. Baada ya mrija kujengwa, seli huubandika alama za kikemikali, ama asetili, ama minyororo ya glutameti, ama minyororo ya glaisini. Kwa miaka mingi watu walizitumia kama dalili tu: palipo na asetili pana mrija mzee uliotulia. Je, alama yenyewe ina kazi? Kwa binadamu au panya swali hili ni gumu kulijibu, kwa sababu wana jeni nyingi za tubulini na ukiibadili moja nyingine zinajaza pengo. Tetrahymena ana jeni moja ya kawaida ya tubulini alfa, na mbili za beta ambazo hutengeneza protini moja ileile. Basi mwaka 1995 Jacek Gaertig na wenzake waliibadili laisini, asidi amino iliyo nafasi ya 40 ya tubulini alfa, pale asetili inapobandikwa, ili isiweze kubandikwa tena. Seli ziliendelea kuishi na kuogelea kama kawaida. Miaka mitano baadaye waliligusa eneo la glaisini kwenye tubulini beta, na mambo yakawa mengine: seli zilipoteza mwendo, zikashindwa hata kuachana baada ya kugawanyika, zikabaki zimeungana mnyororo. Alama mbili juu ya protini ileile, moja unaweza kuishi bila hiyo na nyingine huwezi. Mwaka 2010 kimeng'enya kinachobandika asetili hiyo kikatambuliwa, na Tetrahymena alikuwa miongoni mwa viumbe waliotumika kukithibitisha.

Siku hizi hadubini za elektroni za kugandisha zimeingia mpaka ndani ya mirija pacha ya silia zake, na zimeonyesha zaidi ya protini 30 zilizojibana upande wa ndani wa mrija, mahali ambapo vitabu vya zamani vilichora utupu.

Jeni. Siliata wana viini viwili. Kidogo ni cha kuzalia, kikubwa ni cha kazi za kila siku. Kiini kikubwa cha Tetrahymena kina takriban nakala 45 za karibu kila jeni, na jenomu yake ilichapishwa mwaka 2006. Ukiingiza jeni yako, huenda mahali pake barabara, badala ya kudondoka popote. Jeni hiyo huambatana na nyingine inayostahimili dawa fulani. Kisha unapandisha dawa hiyo kidogo kidogo, na kwa kuwa nakala hugawanywa kwa bahati nasibu kila seli inapogawanyika, baada ya wiki kadhaa unabaki na seli zenye nakala mpya tupu. Kuna hata mbinu inayotumia taxol, dawa inayozuia mikrotubuli zisibomoke, kama kichujio: jeni inaingizwa mahali pa tubulini beta iliyofanywa kuwa dhaifu mbele ya taxol, na waliopokea ndio wanaopona. Ni kazi safi. Ila mlango wake wa kawaida ni bunduki ya jeni, kifaa kinachorushia seli chembe ndogo zilizopakwa DNA, na bunduki ya jeni haikai kila maabara.

Anamfaa nani. Mtu mwenye protini moja mkononi na swali la kikemikali: inashika wapi, ikikosekana nini kinaharibika, alama hii ina kazi gani. Hamfai anayetaka kukata, kupandikiza, au kumfuata kiumbe mmoja kwa jicho.

## Paramecium

Malezi. Wa maabara za jenetiki ni Paramecium tetraurelia, mwenye urefu wa mikromita 120 hivi. Yule mkubwa tunayemwona darasani kwa kawaida ni P. caudatum. Anakula bakteria, kwa hiyo unafuga wawili, mla na mliwa. Chakula ni maji ya nyasi za ngano zilizochemshwa, yakapandwa bakteria siku moja kabla. Kwenye nyuzi 27 anagawanyika mara nne hivi kwa siku, na atafika maelfu machache tu kwa mililita. Ukilinganisha na milioni ya Tetrahymena, utaelewa kwa nini wapenda-biokemia humkimbia.

Jambo moja lisilosemwa vya kutosha: Paramecium huzeeka. Ukoo ukilishwa mfululizo bila kupitia njaa, baada ya migawanyiko karibu 200 hivi unakufa. Akipata njaa akiwa na umri unaofaa hujirutubisha mwenyewe, anavunja kiini kikubwa cha zamani na kujenga kipya, umri unaanza upya. Kwa hiyo daftari la kuhesabu migawanyiko si urembo. Jaribio langu la kwanza la kuzima jeni liliharibika kwa sababu hiyo tu: nilichelewa kulisha siku ya Jumapili, wote wakajirutubisha, na Jumatatu nilikuwa napima seli zilizo katikati ya kujenga kiini, nikidhani ni matokeo. Kugandisha nako kunasumbua kuliko kwa Tetrahymena, kwa hiyo ukoo unatunzwa hai, mkono kwa mkono.

Kiunzi. Huyu ni uwanja. Silia maelfu, vishina vimepangwa kwenye vigae vya ngozi ambavyo vinaonekana hata kwa rangi ya fedha, mbinu ya tangu miaka ya 1920. Kuna utepe wa mikrotubuli unaomiminika kutoka mdomoni na kubeba vijifuko kama reli. Kuna mirija inayozishikilia njia za kibofu cha kutolea maji, zilizotawanyika kama miali ya jua. Na seli inapoanza kugawanyika, mirija mipya mirefu hutandazwa chini ya ngozi yote kisha ikaondoka kazi ikiisha. Chini zaidi kuna wavu wa sentrini, protini inayojikunja ikiguswa na kalsiamu. Wavu huo si mikrotubuli, ila bila kuujua utasoma vibaya nusu ya picha zako.

Jambo lililomfanya Paramecium awe na jina katika biolojia lilitokea mwaka 1965. Janine Beisson na Tracy Sonneborn walikuwa na seli ambazo, baada ya kuungana na kuachana vibaya, zilibaki na safu kadhaa za vishina zilizogeuka nyuzi 180: uzi uliopaswa kuchomoza kuliani ukachomoza kushotoni, silia zikapiga kinyume na jirani zake. Jeni zilikuwa zilezile. Walipozizalisha, safu zilizogeuka zilirithiwa kizazi hadi kizazi, mamia ya vizazi, kwa sababu kishina kipya huzaliwa kando ya cha zamani na kufuata upande wa cha zamani. Yaani mpangilio wa kiunzi ulijirithisha wenyewe, bila DNA kubadilika hata herufi. Kila nikilifundisha hili kuna mwanafunzi anayekataa, na namwelewa. Hata fundi akipewa ramani ileile na matofali yaleyale, mstari wa kwanza ukipinda atajenga ukuta uliopinda.

Jeni. Hapa Paramecium ana zawadi kwa maabara maskini. Unaweza kuzima jeni kwa kumlisha: unachukua bakteria E. coli walioandaliwa kutengeneza RNA ya nyuzi mbili ya jeni unayoitaka, unawapa kama chakula, na baada ya siku mbili tatu jeni imenyamaza. Mbinu hii ilionyeshwa kwake mwaka 2002. Hakuna bunduki, hakuna kusubiri wiki nyingi. Kwa kuingiza jeni ngeni unatumia sindano moja kwa moja kwenye kiini kikubwa, kazi ya mkono mtulivu.

Na amezaa matunda. Mwaka 2000 tubulini iitwayo eta ilipatikana kwake, kupitia ukoo uliokuwa umeshindwa kuzidisha vishina. Tubulini delta ilipozimwa, mirija ya utatu kwenye vishina ilipoteza mrija wa tatu ikawa pacha. Minyororo ya glaisini niliyoitaja kwa Tetrahymena iligunduliwa mwaka 1994 kwenye silia za Paramecium.

Ugumu wake uko kwenye wingi. Jenomu yake, iliyochapishwa pia mwaka 2006, ina jeni karibu 40,000, kwa sababu ukoo wake ulijirudufu jenomu nzima si chini ya mara tatu. Protini unayoifuata huenda ina ndugu wawili au wanne. Ndugu wakifanana sana, RNA moja itawanyamazisha wote kwa pamoja, na hiyo ni nafuu. Wakifanana nusu nusu, utajua hujui nani amezimwa.

Anamfaa nani. Anayeuliza kuhusu mpangilio: vishina vinazaliwaje, vinajuaje upande, mirija inagawanywaje seli inapogawanyika. Pia anayetaka kuunganisha kiunzi na mwendo, maana kurudi kwake nyuma akigonga kitu kumechunguzwa kwa undani, na kuna koo za "pawn" ambazo, kama kete ya sataranji yenye jina hilo, haziwezi kurudi nyuma kwa sababu njia za kalsiamu kwenye silia hazifunguki.

## Stentor

Malezi. Stentor coeruleus ni tarumbeta la bluu lenye urefu wa milimita moja na zaidi akijinyoosha. Unamwona kwa macho matupu. Seli moja! Anagawanyika kwa siku, si kwa saa, na hula mwani kama Chlamydomonas au siliata wadogo. Hapendi mwanga mkali, hapendi maji yaliyobadilika ghafla.

Aibu niliyoitaja ni hii: niliwaongezea maji ya bomba bila kuyaacha klorini itoke. Asubuhi chini ya bakuli kulikuwa na doa la bluu kama wino uliomwagika, na ndani ya wino huo mizoga. Tangu siku hiyo natumia maji ya chemchemi ya chupa, na bakuli mbili, moja nikiwa siigusi.

Kiunzi. Hapa utaona kitu ambacho wale wawili hawana. Mguse Stentor na ncha ya sindano: kwa takriban milisekunde 10 anajikunja hadi karibu robo ya urefu wake. Mkunjo huo ni kazi ya nyuzi za protini jamii ya sentrini, zinazoendeshwa na kalsiamu. Mikrotubuli haihusiki. Sasa subiri. Polepole, kwa makumi ya sekunde, anajinyoosha tena, na hiyo ndiyo kazi ya mikrotubuli. Chini ya kila safu ya silia kuna tepe za mikrotubuli zilizolaliana kama vigae vya paa. Mwaka 1973 Huang na Pitelka walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba Stentor akiwa amekunjika tepe hulaliana sana, akiwa amenyooka hulaliana kidogo: zinateleza juu ya mwenziwe, zinamsukuma arefuke. Mifumo miwili ndani ya seli moja, mmoja wa haraka na mmoja wa subira, na unaitenganisha kwa saa ya mkononi.

Kisha kuna kukata. Mkate vipande kwa sindano ya kioo. Kila kipande chenye japo sehemu ya kiini kikubwa, ambacho kwake kimekaa kama shanga kwenye uzi, kitajirudisha kuwa Stentor kamili. Kama hutaki kukata, mzamishe kwenye maji ya sukari kwa muda mfupi, atautupa mdomo wake wote wa silia, na baada ya saa nane hadi kumi atakuwa amejenga mwingine. Huo ni ujenzi wa maelfu ya vishina na silia unaoutazama kuanzia sifuri, kwa ratiba unayoijua. Mdomo mpya huanzia mahali maalumu: mistari yake ya bluu hupungua upana kuzunguka mwili, na pale mwembamba kabisa unapokutana na mpana kabisa ndipo ujenzi unapoanza. Vance Tartar alilithibitisha hilo kwa kupandikiza vipande vya ngozi kwa mkono, kazi inayonifanya nione haya kulalamikia pipeti.

Jeni. Zana ni chache. Jenomu ilichapishwa mwaka 2017, na kuzima jeni kwa kumlisha bakteria kunawezekana tangu mwaka 2014, lakini kubadili jeni mahali pake si jambo la kutegemea kwa mradi wa mwaka mmoja. Rangi yake ya bluu nayo hung'aa nyekundu chini ya fluoresensi, hivyo chagua rangi za kingamwili ukilijua hilo mapema. Na wingi ni mdogo: mpime kwa makumi.

Anamfaa nani. Mwenye swali la umbo: seli inajuaje ilivyo, ikikatwa inarudije, kiunzi kinasukumaje mwili. Pia mwalimu. Sijaona darasa lisilonyamaza Stentor akijikunja.

## Mtego mmoja wa herufi

Tetrahymena na Paramecium husoma msimbo wa jeni, ule wa herufi tatu tatu, kwa lahaja yao. UAA na UAG, ambazo kwetu ni "simama", kwao ni glutamini. UGA peke yake ndiyo nukta. Ukichukua jeni yao ukaiweka kwenye E. coli, protini itakatikia njiani, na utamaliza mwezi ukilaumu halijoto. Agiza jeni iliyoandikwa upya. Stentor anatumia msimbo wa kawaida, hana shida hiyo. Ni mojawapo ya mambo machache ambayo yeye, mgumu kwa mengine yote, ndiye rahisi.

Euplotes simlinganishi hapa. Anatembea juu ya vitu kwa "miguu" ya silia zilizofungwa mafungu, iliyounganishwa kwa nyuzi za mikrotubuli, na anastahili makala yake.

## Kwa hali yako

Kama una mwaka mmoja, msimamizi mwenye bunduki ya jeni au mshirika anayeweza kukutumia koo zilizotengenezwa tayari, na protini yenye jina: Tetrahymena. Anza kwa kuangalia kama koo hiyo haipo tayari kwenye hifadhi ya koo za Tetrahymena huko Marekani, maana kutengeneza upya kilichokwisha kutengenezwa ni kupoteza muhula.

Kama una hadubini ya fluoresensi, kingamwili mbili tatu na bajeti ndogo, lakini una orodha ya jeni unazotaka kuzima moja baada ya nyingine: Paramecium, na daftari la migawanyiko. Weka pia kundi la kulinganishia lililolishwa bakteria wenye RNA ya jeni isiyohusika, siku ileile, chakula kilekile.

Kama swali lako lina neno "urithi" au "upande" ndani yake, usiende kwingine kabla ya Paramecium, hata kama maabara nzima imejaa Tetrahymena.

Kama unahitaji protini nyingi ya kutakasa, chukua Tetrahymena, wawili wengine waache. Ukiwa na swali la Paramecium lakini kipimo cha wingi, wapo wanaogawa kazi: mpangilio kwa huyu, biokemia kwa yule. Inawezekana kwa sababu tubulini zao zinafanana sana na kingamwili nyingi huvuka.

Kama unapenda upasuaji, una subira, na hakuna anayekusukuma kuchapisha mwezi ujao: Stentor. Jipe miezi miwili ya kujifunza kumfuga tu kabla ya kuanza kupima chochote.

Na kama ulicho nacho ni hadubini ya shule tu, usisubiri mfadhili. Loweka nyasi kavu kwenye maji ya bwawa kwa wiki, utapata Paramecium. Chota pia majani yanayooza chini ya maji matulivu. Ukibahatika kuna Stentor wamejishikiza hapo. Weka nyuzi chache za pamba kwenye slaidi zimzuie asikimbie. Mikrotubuli zenyewe hutaziona, ila gonga slaidi kwa kalamu, Stentor akijikunja anza kuhesabu, na acha kuhesabu tarumbeta likifunguka lote. Rudia mara kumi kwenye maji ya joto la chumba, kisha mara kumi kwenye maji yaliyopozwa kidogo, uandike tofauti.